Mbwa Wako Aijue Kamba

SOMO LA UFUGAJI: FAIDA ZA KUTEMBEA NA MBWA KWA PAMOJA

Siku moja ya chanjo ya mbwa, katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Mbozi, mimi nilipewa kazi ya kuandika. Tuliweka meza chini ya mparachichi karibu na ofisi ya kijiji. Afisa mifugo alikuwa anachoma sindano, mimi naandika kadi: jina la mwenye mbwa, jina la mbwa, rangi yake, na tarehe. Watu walikuja wengi. Wengine walifunga mbwa wao kwa kamba ya mbuzi, wengine kwa kipande cha kanga, na kijana mmoja alimbeba wake begani kama kondoo.

Saa sita mchana alifika mzee mmoja, mikono mitupu.

"Shikamoo mzee," nikamwamkia.

"Marahaba, mwalimu."

"Mbwa wako yuko wapi?"

"Yuko nyumbani. Mbwa yule hashikiki, mwalimu. Tangu azaliwe hajafungwa kamba. Nikimsogelea na kamba, hata mimi ananing'ata. Sasa si uniandikie kadi tu?"

Ndugu msomaji, kadi haimkingi mbwa. Kinachomkinga ni sindano. Tulimweleza hivyo, naye akarudi nyumbani kujaribu tena pamoja na vijana wawili. Mbwa akakimbilia kwenye mahindi. Jioni tulifunga vifaa, tukaondoka.

Miezi michache baadaye mbwa yule alibadilika. Alimwuma mjukuu wa mzee mguuni, karibu na jiko. Bahati njema, mama wa mtoto alikuwa amesoma somo la kichaa cha mbwa. Aliosha jeraha kwa maji mengi na sabuni, akampeleka mtoto zahanati siku ile ile, na kutoka pale wakaelekezwa hospitali. Mtoto alichomwa sindano zote, na leo ni mzima. Mbwa alikufa baada ya siku chache. Mzee aliuza mbuzi wawili kwa ajili ya nauli na matibabu.

Nilipokwenda kumpa pole aliniambia: "Mwalimu, mbwa wangu sikumnyima chakula. Nilimnyima kamba."

Maneno hayo ndiyo somo letu la leo. Tutajifunza namna ya kumzoesha mbwa kamba, watu na mbwa wenzake, kwa njia rahisi: wenye mbwa kutembea pamoja na mbwa wao.

MBWA ANA KAZI GANI KWETU?

Katika vijiji vyetu vya Mbozi, Momba, Ileje na Songwe, mbwa ni mfanyakazi. Usiku analinda nyumba. Mahindi yakikomaa anafukuza nguruwe pori na ngedere. Kwa wafugaji anafuatana na mbuzi na ng'ombe malishoni. Pale Tunduma mjini analinda duka na ua.

Wengine wanampa mbwa jina la kumfikishia jirani ujumbe. Utasikia mbwa anaitwa Watasema, au Tutaonana. Jina lipo, kazi ipo, lakini malezi mara nyingi hayapo. Mbwa wengi hulelewa kwa namna mbili tu. Wa kwanza hufungwa mnyororo mchana na usiku, hajui kitu isipokuwa ua wake. Wa pili huachwa azurure, anajitafutia chakula jalalani na kwenye mabucha, harudi mpaka giza.

Hawa wawili wanafanana kwa jambo moja: wote hawakufundishwa. Yule wa mnyororo, siku akikatika, anamwogopa kila anayemwona, na mbwa mwenye hofu huuma. Yule mzururaji anapigana na mbwa wa kila kitongoji, anaokota magonjwa na kuyaleta nyumbani.

MATEMBEZI YA PAMOJA NI NINI?

Ni jambo dogo. Watu wawili, watatu au wanne wenye mbwa wanakubaliana siku na saa. Kila mmoja anamfunga mbwa wake kamba. Wanafuatana katika njia ya kijiji kwa muda wa dakika 20 hadi 30, kisha wanarudi. Mbwa hawaachiwi wacheze wala hawashindanishwi. Wanatembea tu, huku wakiwaona wenzao na kunusa njia.

Katika nchi nyingine, kama Uingereza, watu wengi hufanya hivyo kila wiki. Lakini tusiseme ni mambo ya Wazungu. Wachungaji wetu tangu zamani wamekuwa wakitembea na mbwa wao malishoni, na mkulima huondoka alfajiri na mbwa wake nyuma. Ukimchunguza mbwa wa mchungaji utaona ana adabu. Anapita katikati ya mifugo na watu, hana habari na mtu. Kwa nini? Kwa sababu kila siku anatembea na bwana wake, na kila siku anakutana na wengine. Sisi tunaongeza kamba tu, na jirani.

FAIDA KWA MBWA

Kwanza, hofu inapungua. Mbwa huujua ulimwengu kwa pua yake kuliko kwa macho. Akinusa harufu mpya mara kwa mara, akaona baiskeli, bodaboda, watoto wa shule na mama mwenye ndoo kichwani, anajifunza kwamba hao si maadui. Mtoto wa mbwa hujifunza haya upesi sana kati ya wiki ya 3 na wiki ya 14 hivi tangu kuzaliwa. Mkubwa naye hujifunza, ila polepole. Basi mfundishe angali mdogo. Samaki mkunje angali mbichi.

Pili, anajifunza kukaa na mbwa wenzake bila kupigana. Mbwa wawili wakikutana uso kwa uso katika njia nyembamba, wataoneshana meno. Lakini wakitembea upande mmoja, wote wakielekea mbele, hasira inapungua. Baada ya siku kadhaa wanazoeana.

Tatu, mwili wake unapata nguvu. Mbwa aliyefungwa siku nzima hunenepa bila nguvu au hubweka ovyo usiku kucha mpaka majirani wakose usingizi. Mbwa aliyetembea hulala vizuri mchana na hulinda vizuri usiku.

Nne, na hii ndiyo kubwa, anaijua kamba. Mbwa anayeijua kamba anafika kwenye chanjo. Anaweza kushikwa akitibiwa kidonda. Anaweza kutolewa kupe. Asiyeijua kamba atabaki nyumbani siku ya chanjo, kama mbwa wa yule mzee.

FAIDA KWA MWENYE MBWA

Hapa niseme ukweli. Mkulima wa Isansa au wa Ndalambo hahitaji kuambiwa atembee ili apate afya. Anatembea kwenda shambani, anatembea kwenda gulioni, na jembe liko begani. Lakini fundi cherehani na muuza duka wa Tunduma anayekaa kwenye kiti kuanzia asubuhi mpaka usiku, yeye matembezi yatamsaidia moyo na viungo. Mzee ambaye hatoki tena kwenda shamba naye atapata sababu ya kutoka na kusalimiana na watu.

Kwa mkulima, faida ziko kwingine.

Faida ya kwanza ni ujirani. Kesi nyingi za mbwa zinazofika kwa mwenyekiti wa kitongoji zinafanana: mbwa wako amekula kuku wangu, mbwa wako amemwuma mwanangu, mbwa wako ananibwekea nikienda kisimani. Watu waliotembea pamoja wanawajua mbwa wao kwa sura na kwa tabia. Jambo likitokea wanaongea kabla halijawa kesi.

Faida ya pili ni macho mengi. Mwenzako anaweza kuona kile ambacho wewe hujakiona. Atakuambia, "Ndugu yangu, mbwa wako anachechemea," au "Mbona leo anatokwa na mate?" Maneno kama hayo yanaweza kuokoa maisha ya mtu.

Faida ya tatu ni heshima kwa majirani. Wapo wenzetu Waislamu ambao mate ya mbwa kwao ni najisi. Wapo watoto na watu wazima ambao wanawaogopa mbwa. Mbwa aliye kwenye kamba hamgusi mtu asiyetaka kuguswa. Kamba ni adabu ya mwenye mbwa kabla haijawa adabu ya mbwa.

MASWALI YA WANAKISOMO

Somo hili nililifundisha darasani kwanza. Wanakisomo waliniuliza maswali magumu. Haya hapa matatu.

MAMA: Mwalimu, mbwa akizoea watu si atakuwa mpole mno? Wezi watakuja, yeye anatikisa mkia!

MWALIMU: Hapana, mama. Mchana njiani na usiku uani ni vitu viwili, na mbwa anavitofautisha. Akisikia mtu anaruka ua usiku, atabweka tu. Na kazi kubwa ya mlinzi ni kubweka, akuamshe. Mbwa anayemwuma kila mtu, mwizi na mgeni kwake ni sawa. Siku moja atamwuma mtoto wa jirani, na hapo utampoteza mbwa na jirani.

KIJANA: Wakati wa kilimo tunaamka saa kumi na moja. Muda wa kutembeza mbwa uko wapi?

MWALIMU: Usitafute muda mpya. Mnapokwenda shamba, mfunge kamba. Mnapokwenda kuchota maji jioni, mfunge kamba. Kwa matembezi ya pamoja, mara mbili kwa wiki zinatosha kwa kuanzia. Baada ya mavuno mnaweza kuongeza.

MZEE: Mimi mbwa wangu ana miaka mitano. Si amekwisha kuwa mkaidi?

MWALIMU: Ukaidi mwingine ni hofu, mzee wangu. Anza leo na kipande cha ugali mkononi. Usimpige. Mbwa mkubwa anahitaji wiki nyingi pale ambapo mdogo anahitaji siku chache, lakini anaweza.

KICHAA CHA MBWA: KWA NINI HATUWEZI KUCHEZA NA JAMBO HILI

Kichaa cha mbwa huletwa na virusi. Virusi hivyo hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa, na huingia mwilini mwa mtu kwa kuumwa, au mate yakigusa jeraha. Kisha husafiri polepole katika mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Kwa kawaida dalili hutokea baada ya miezi 2 hadi 3, lakini mara nyingine ni baada ya wiki moja tu, au hata mwaka mzima. Dalili zikishatokea kwa mtu, karibu kila mara mtu huyo hufa. Ndiyo maana tiba ni kabla ya dalili, si baada.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao katika Asia na Afrika. Katika kila watu 10 wanaokufa, 4 ni watoto walio chini ya miaka 15. Na karibu wote waliambukizwa na mbwa.

Habari njema ni kwamba ugonjwa huu unazuilika. Chanjo yake kwa mtu ilianza zamani. Mwaka 1885, huko Ufaransa, mtaalamu Louis Pasteur alimtibu mtoto Joseph Meister aliyeumwa na mbwa, na mtoto akapona. Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba, 1895. Tarehe hiyo sasa ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Wataalamu wanasema: wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Je, inawezekana kwetu? Tazama mifano miwili ya hapa hapa Tanzania.

Mfano wa kwanza ni Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara. Kuanzia mwaka 1996 hadi 2001 zilifanyika kampeni 4 za chanjo vijijini. Kila kampeni iliwafikia mbwa 6 au 7 hivi katika kila 10. Baada ya kampeni ya kwanza, kichaa cha mbwa kilipungua kwa asilimia 70. Baada ya kampeni ya pili kilikuwa kimepungua kwa asilimia 97. Hao ni wanavijiji kama wewe, na mbwa wao ni kama wako. Wenye mbwa waliwaleta mbwa wao mahali pa chanjo, wakachanjwa.

Mfano wa pili ni kisiwa cha Pemba. Chanjo kubwa zilianza mwaka 2010, na mwaka 2014 kichaa cha mbwa kilikoma. Lakini mwaka 2016 kikarudi. Chanjo ikabidi iongezwe nguvu, na mwaka 2018 kikakoma tena. Pemba inatufundisha kwamba ukiacha mlango wazi, ugonjwa unarudi.

Sasa fikiria sisi. Pemba imezungukwa na bahari, na bado ugonjwa ulirudi. Mkoa wetu wa Songwe unapakana na Zambia na Malawi. Kati ya Tunduma na Nakonde watu wanavuka kutwa, na malori yanapanga foleni katika barabara kuu ya kwenda Zambia. Mbwa naye anavuka. Hana pasipoti, na hakuna wa kumwuliza. Kwa hiyo ngome yetu si mpaka. Ngome yetu ni mbwa waliochanjwa katika kila kijiji, na chanjo hiyo irudiwe kila mwaka.

Na hapo tunarudi kwenye kamba. Dawa inaweza kufika. Afisa mifugo anaweza kufika. Lakini mbwa asiposhikika, sindano itarudi ndani ya boksi lake.

NAMNA YA KUANZA

Hatua ya 1: Kamba. Tafuta kamba laini na imara, ya katani au ya kitambaa kilichosokotwa, urefu wa hatua mbili. Usitumie waya wala kamba nyembamba inayokata. Kwa shingo, tengeneza mkanda mpana wa kitambaa kigumu au wa mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli. Vidole viwili vipite kati ya mkanda na shingo. Usifunge fundo la kitanzi linaloendelea kukaza, linaweza kumnyonga.

Hatua ya 2: Nyumbani. Kwa siku tatu au nne, mvalishe mkanda wakati wa chakula tu. Akila, anasahau mkanda. Kisha ongeza kamba, umwache aiburute uani huku ukimwangalia. Halafu shika kamba, mwite jina, rudi nyuma hatua chache. Akija, mpe kipande cha ugali au dagaa. Asipokuja, usimvute kwa nguvu. Ngoja, mwite tena.

Hatua ya 3: Njiani, wewe na yeye tu. Chagua saa ya baridi, asubuhi au jioni. Wenzetu wa Kamsamba na bonde la Ziwa Rukwa, ambako jua ni kali, waondoke mapema zaidi na wabebe maji. Mbwa hatoi jasho kama mtu. Anapoza mwili kwa kuhema ulimi ukiwa nje. Joto kali linaweza kumwua.

Hatua ya 4: Mbwa wawili. Mwalike jirani mmoja. Anzeni mkiwa mbali kwa hatua 10 au zaidi, wote mkielekea upande mmoja. Msiwakutanishe pua kwa pua, hasa kamba zikiwa zimevutwa. Mkiona wametulia, sogeeni kidogo kidogo. Wakikaza macho, wakisimamisha manyoya ya mgongoni au wakinguruma, achaneni tena, bila kelele na bila fimbo.

Hatua ya 5: Kikundi. Wakishazoeana wawili, ongezeni wa tatu, kisha wa nne. Aliye mtulivu kuliko wote atangulie. Kila mbwa awe na mtu mzima wake. Mtoto asipewe mbwa mkubwa peke yake, maana akivutwa ataangushwa, au atajeruhiwa mbwa wakipigana.

Hatua ya 6: Mahali pa chanjo. Njia ya matembezi yenu ipite pale ambapo chanjo hufanyika, iwe ni ofisi ya kijiji, shule au josho. Kaeni pale dakika chache, mpeni kila mbwa kipande cha ugali, mwondoke. Siku ya chanjo ikifika, mbwa hatashangaa. Ataona ni siku ya ugali.

MAMBO YA KUANGALIA

Usimlete kwenye kikundi mbwa mgonjwa, mbwa ambaye tabia yake imebadilika ghafla, au mbwa jike aliye kwenye joto. Mama anayenyonyesha naye abaki na watoto wake.

Mbwa wachanjwe kwanza kila inapowezekana. Kama chanjo haijafika kijijini, fanya hatua ya 1 hadi ya 3 nyumbani kwako na karibu na kwako, na umwulize afisa mifugo wa kata ni lini itakuja. Kama kuna habari ya mbwa mwenye kichaa kijijini, simamisheni matembezi, fungeni mbwa wote, na toeni taarifa.

Msitembeze mbwa kando ya barabara kuu ya malori. Msiwapitishe katikati ya kuku na mbuzi wa watu. Na matembezi haya yasigeuke kuwa mawindo, maana kuwinda bila kibali ni kosa.

Ukirudi, mkague mbwa kupe masikioni na kati ya vidole. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kula. Usimpe matumbo mabichi ya mifugo iliyochinjwa, maana humo mna minyoo inayoweza kumpata mbwa na kutoka kwake ikampata mtu.

Usimpige wala kumtesa. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na mbwa naye ni mnyama anayelindwa na sheria hiyo.

UKIUMWA NA MBWA

1. Osha jeraha mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Kama hakuna bomba, mtu mwingine amimine maji kutoka kwenye jagi.

2. Usipake majivu, mafuta, wala dawa ya mizizi.

3. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo tu. Ukianza sindano, maliza zote kwa tarehe ulizopangiwa.

4. Mtaarifu afisa mifugo au mtendaji wa kijiji. Mbwa anayeonekana mzima na anayeshikika afungwe na kuangaliwa kwa siku 10. Lakini wewe usingoje siku hizo 10 nyumbani. Nenda ukatibiwe.

ZOEZI LA KUANDIKA NA KUHESABU

Chukua daftari. Chora mistari upate safu tano. Andika juu yake: Jina la mwenye mbwa, Jina la mbwa, Rangi, Anaijua kamba (ndiyo au hapana), Tarehe ya chanjo. Piteni nyumba kwa nyumba katika kitongoji chenu mkajaze. Mkimaliza, mpelekeeni afisa mifugo nakala. Daftari hilo litamsaidia kujua alete dawa kiasi gani.

Sasa tuhesabu. Kitongoji kina mbwa 60. Tunataka asilimia 70 wachanjwe. Asilimia 70 ya 60 ni:

60 x 70 = 4,200
4,200 ÷ 100 = 42

Kwa hiyo tunahitaji mbwa 42 kwa uchache. Kama wanaoijua kamba ni 30 tu, bado tuna kazi ya mbwa 12. Hesabu hiyo sasa uifanye kwa kitongoji chako.

MANENO YA KUJIFUNZA

Asilimia: sehemu katika kila mia.
Virusi: vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vinavyoleta ugonjwa.
Chanjo: dawa ya kukinga mwili kabla ugonjwa haujaingia.
Katani: nyuzi za mkonge za kusokotea kamba.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini yule mzee hakuweza kumleta mbwa wake kwenye chanjo?
2. Taja faida mbili za matembezi ya pamoja kwa mbwa, na mbili kwa mwenye mbwa.
3. Kwa nini mbwa watembee wakielekea upande mmoja, wasikutanishwe uso kwa uso?
4. Kichaa cha mbwa kilirudi Pemba mwaka 2016. Sisi wa mpakani tunajifunza nini?
5. Katika kitongoji chenu, nani mwenye mbwa mtulivu anayeweza kutangulia?

Yule mzee wa Mbozi sasa ana mbwa mwingine, mdogo, mwekundu. Mara ya mwisho nilipopita pale, jua lilikuwa linazama. Nilimkuta njiani na jirani yake, kila mmoja na kamba mkononi, wanaongea habari za bei ya mahindi. Mbwa wao walikuwa mbele, wanakwenda sambamba. Nikamwamkia. Akainua kamba juu anionyeshe, akacheka.

Basi, ndugu msomaji, jioni ya leo tafuta kipande cha kamba. Elimu haina mwisho.